Kumpima mbunge kwa kura zake: mwongozo kwa mpiga kura wa Dodoma na Singida

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata hapa Dodoma, mji ambao kila Aprili tunapishana barabarani na magari ya waheshimiwa. Ukienda kutafuta orodha ya namna mbunge wako alivyopiga kura katika kila muswada, hutaipata. Haijafichwa na mtu, haipo tu. Karibu maamuzi yote ya Bunge hufanywa kwa sauti. Spika anahoji, wanaoafiki wanasema "Ndiyo", wasioafiki wanasema "Hapana", Spika anasikiliza kisha anatangaza kuwa walioafiki wameshinda. Kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya majadiliano, unakuta mistari miwili ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", halafu "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Nani alisema ndiyo na nani alinyamaza, anajua aliyekaa kiti cha jirani.

Kwa hiyo anayekuambia kijiweni kwamba "mbunge wetu aliipigia kura sheria ile", mwulize amejuaje. Mara nyingi hajui. Na anayekuambia mbunge wake aliipinga, mwulize vilevile, tena kwa msisitizo zaidi, maana kuna wabunge hodari wa kupinga wakiwa jimboni.

Rekodi ya mbunge basi inabidi uitengeneze mwenyewe kutoka kwenye vipande. Kazi hiyo inachukua jioni chache ukiwa na simu na bando la kutosha.

Kwanza, zijue kura zinazobaki na jina

Ni chache. Kubwa kuliko zote ni ya bajeti. Kila Juni, mjadala wa hotuba ya Waziri wa Fedha ukifika mwisho, Katibu wa Bunge anawaita wabunge mmoja mmoja kwa jina. Kila mmoja anajibu Ndiyo, Hapana, au anasema hana uamuzi. Majina yote yanaingia kwenye Hansard. Sababu ya uzito huu ipo kwenye Katiba: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali.

Hapo ndipo penye kichekesho. Kura pekee ambayo kila mwaka inaandikwa jina la mbunge ndiyo kura ambayo inakueleza machache kuliko zote kuhusu mbunge huyo. Mbunge wa chama kinachotawala akisema Hapana anagombana na chama chake na kukiweka kiti chake rehani siku hiyohiyo. Bajeti yenyewe ni furushi, ndani yake mna barabara ya Kondoa, mishahara ya walimu na kodi usiyoipenda, na mbunge analipokea lote au analikataa lote. Ukimhukumu mtu kwa Ndiyo ya Juni peke yake utakuwa umewapa wabunge mamia alama moja, kisha hujapata cha kulinganisha.

Kura nyingine za kuhesabika ni za kubadili Katiba. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kila upande kivyake. Makelele ya ukumbini hayatoshi kwa hesabu ya namna hiyo. Halafu zipo sahihi. Hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, chini ya Ibara ya 53A, haipelekwi mezani mpaka iungwe mkono kwa maandishi na wabunge wasiopungua asilimia 20. Aprili 2012 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa upinzani, alizikusanya sahihi kama hizo. Sahihi ina jina, na ikitokea tena wakati wako, itafute.

Pili, chagua mambo matatu, na uhakikishe yako mikononi mwa Bunge

Usijaribu kusoma miaka mitano yote. Chagua mambo matatu yanayogusa unapoishi. Mtu wa Chemba atachagua maji, wa Kibaigwa atachagua soko la mahindi, wa Hombolo zabibu, wa Singida alizeti. Kisha jiulize: hili linaamuliwa na nani?

Alizeti na zabibu zinafundisha vizuri hapa. Bei ya alizeti inapoporomoka kwa sababu mafuta ya nje yameingia kwa wingi, wakulima wa Singida na Dodoma huwageukia wabunge wao na kuwauliza kwa nini waliruhusu ushuru wa kuingiza mafuta ushushwe. Lakini ushuru wa forodha hauamuliwi kwa kura ya Bunge la Dodoma. Unawekwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na nchi ikitaka kiwango tofauti inaomba huko. Mbunge wako hana kitufe cha kubonyeza. Anachoweza ni kumbana Waziri mapema, kabla maombi hayajapelekwa. Kwa hiyo kwa alizeti usitafute kura. Tafuta aliongea lini. Aliyelia bungeni baada ya hotuba ya bajeti kusomwa Juni alichelewa. Aliyesema Februari, au kwenye mjadala wa Wizara ya Kilimo au ya Viwanda, alijua mlango uko wapi.

Zabibu ni habari nyingine. Ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo, ambao unatofautisha mvinyo wa zabibu za ndani na ule wa nje, uko kwenye sheria ya nchi na hubadilishwa na Muswada wa Sheria ya Fedha. Huo unapita mikononi mwa wabunge wenyewe, kifungu kwa kifungu. Hapo mbunge wa Dodoma hana pa kujificha.

Kosa la kumlaumu mbunge kwa jambo lisilo lake lina madhara: linampa kisingizio cha kukwepa hata yale yaliyo yake.

Tatu, pata karatasi

Tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, ina miswada, sheria, orodha za shughuli na Hansard za kila kikao kwa mafaili ya PDF. Hansard iko kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na makofi na vicheko. Faili moja linaweza kuwa na kurasa zaidi ya mia mbili, usiogope. Fungua, tafuta jina la ukoo la mbunge wako kwa kitufe cha kutafuta, ruka kutoka alipotajwa hadi alipotajwa tena. Mafaili ya zamani sana mengine ni picha za karatasi, hayo hayatafutiki na utalazimika kuyapitia kwa macho.

Uliye Dodoma una faida ambayo mtu wa Kigoma hana. Unaweza kwenda kukaa jukwaa la wageni ukashuhudia kikao mwenyewe. Nenda na kitambulisho, vaa mavazi ya heshima, fika kabla ya saa tatu asubuhi maana ndipo kikao kinapoanza na maswali. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Na Kamati zinapoita wadau kutoa maoni juu ya muswada, ukumbi uko hapahapa mjini. Wakazi wa Dodoma tunaitumia nafasi hii kidogo mno, tunawaachia wanaopanda mabasi kutoka Dar es Salaam.

Kwa kila jambo ulilochagua, unahitaji karatasi mbili: muswada wenyewe, na Hansard ya siku ulipojadiliwa. Kwenye muswada anza na sehemu ya mwishoni iitwayo "Madhumuni na Sababu". Pale Serikali inaeleza inataka nini kwa lugha nyepesi kuliko vifungu. Angalia pia kama muswada ulikuja kwa hati ya dharura, kwa sababu hapo wabunge walikuwa na muda mfupi wa kuusoma, na unapaswa kumtazama zaidi yule aliyelalamikia muda.

Nne, soma Hansard kuanzia mwisho

Huu ndio ushauri ambao ningetaka uubebe hata ukiyaacha mengine. Mchango wa mbunge usiuanze juu. Nenda sentensi yake ya mwisho. Asilimia kubwa ya michango huishia na "naunga mkono hoja", na wengine huongeza "kwa asilimia mia moja". Ukishaiona hiyo, rudi juu usome alichosema katikati. Utakuta watu waliotumia dakika zote kuonyesha kwamba hoja ni mbovu, kisha wakaiunga mkono mia kwa mia. Video fupi inayozunguka WhatsApp huwa na zile dakika za moto. Sentensi ya mwisho hukatwa.

Mfano unaofaa ni tozo za miamala ya simu za mwaka 2021. Bajeti ilipita Juni kwa kuitwa majina. Siku chache baadaye ukapita Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2021, kwa sauti. Tozo ilikuwa humo: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Ilianza kukatwa Julai 15, nchi nzima ikapiga kelele, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Katikati ya kelele hizo ndipo sauti nyingi za viongozi zilipoanza kusikika zikiwahurumia wananchi.

Sasa lichukue hilo kama mtihani wa mbunge yeyote aliyekuwamo. Usimwulize alisema nini Agosti. Tafuta Hansard ya mjadala wa bajeti, kisha ya siku Muswada wa Fedha ulipopita. Alisimama? Aliitaja tozo? Kama aliitaja, aliisifu kuwa itajenga barabara na vituo vya afya, au aliuliza muuza mboga wa Majengo atakatwa kiasi gani? Zingatia pia kwamba sheria iliweka sakafu na dari, na jedwali la viwango likaja kwa kanuni za Waziri. Mbunge makini hapo angeuliza kwa nini dari liwe juu hivyo na kwa nini Waziri apewe uwezo wa kujaza katikati. Hilo ni swali dogo la kisheria, halipigiwi makofi, ila ndilo lililokuwa na pesa ndani yake.

Na kama hakusimama kabisa? Kimya nacho kinaandikwa, ingawa kwa penseli. Muda wa kuchangia hugawanywa, si kila aliyeomba hupata. Kimya cha siku moja usikihesabu. Kimya cha miaka mitano juu ya jambo linalowaumiza watu wa jimbo lake, kihesabu.

Tano, tafuta jedwali na shilingi

Hotuba ni rahisi. Kuna vitendo viwili bungeni ambavyo si rahisi, na vyote vina jina la aliyevifanya.

Cha kwanza ni jedwali la marekebisho. Mbunge asiyekubaliana na kifungu anaandika pendekezo lake, analiwasilisha kabla, na muswada ukifika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, anaitwa alitetee. Hapa amefanya kazi: amesoma, ameandika, amesimama mbele ya Mwanasheria Mkuu na Waziri. Kwenye Hansard nenda mwishoni mwa mjadala wa muswada, pale vifungu vinapopitishwa kimoja kimoja. Utaona vingi vimepita "bila mabadiliko yoyote" na vichache "pamoja na marekebisho yake". Angalia marekebisho ni ya nani. Mengi huwa ya Serikali yenyewe. Ukikuta jina la mbunge wako, weka alama, hata kama alishindwa. Mbunge mwenye majedwali manne yaliyokataliwa ni mbunge zaidi, kwa maoni yangu, kuliko mwenye hotuba arobaini zilizopigiwa makofi.

Cha pili ni shilingi. Bajeti ya kila wizara hupitishwa kwenye Kamati ya Matumizi, fungu kwa fungu. Ikifika kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kusema asiporidhika na maelezo ataondoa shilingi. Shilingi moja ya mshahara ni alama tu, ila inamlazimisha Waziri asimame ajibu, na wabunge wengine wasimame kuunga mkono au kupinga. Fuatilia hatua zote. Alitishia tu, au aliitoa kweli? Nani walisimama kumuunga mkono, wakiwamo majirani zake wa Manyoni au Bahi? Waziri alipotoa ahadi, ahadi ilikuwa na tarehe? Na shilingi ilirudishwa kwa nini?

Kurudisha shilingi si dhambi. Wengi huirudisha, na ndiyo desturi: Waziri anaahidi, mbunge anapokea, kazi inaendelea. Dhambi ni kuirudisha kwa ahadi hewa, kisha mwaka unaofuata asiiulizie. Ndiyo maana unasoma bajeti mbili za wizara ileile, ya mwaka huu na ya mwaka uliofuata. Muda nao ni adui hapa. Saa zikiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo, kinachoitwa gilotini, na aliyekuwa amejipanga kutoa shilingi anakosa nafasi. Ukiona gilotini ilipita, mpe mbunge faida ya shaka.

Maswali, kwa kifupi

Idadi ya maswali ni kipimo dhaifu. Linganisha badala yake swali la kwanza na la pili juu ya jambo lilelile. Bwawa la Farkwa, kule Chemba, limetajwa bungeni mwaka hadi mwaka kama mkombozi wa maji ya Dodoma. Majibu ya Serikali kwa miradi ya namna hii tunayajua kwa moyo: upembuzi unaendelea, fedha zitatengwa kadiri zitakapopatikana. Mbunge mzuri katika swali la nyongeza hulirudisha jibu la zamani: mwaka fulani mlisema hivi, imekuwaje? Asiyesoma majibu yake mwenyewe huuliza upya kana kwamba bwawa limebuniwa jana.

Sita, mpime kwa kiti alichokalia

Waziri na Naibu Waziri usiwatafutie jedwali wala shilingi. Wanawajibika kwa pamoja bungeni, hawawezi kumtolea shilingi mwenzao. Wapime kwa majibu waliyotoa na kama yalitekelezwa. Jimbo ambalo mbunge wake ni Waziri lina sauti kubwa mezani na sauti ndogo ukumbini, na wapiga kura wake wanapaswa kujua wamenunua ipi. Spika na Naibu wake nao hawachangii kama wengine.

Wajumbe wa Kamati za hesabu, ya Serikali na ya Serikali za Mitaa, watafute kwenye taarifa za kamati baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuwekwa mezani Aprili. Mjadala wake mara nyingi huja mwishoni mwa mwaka, wakati vichwa vya habari vimeshapoa.

Halafu kuna chama. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa chama cha upinzani cha CUF walipoteza viti namna hiyo baada ya chama kuwafukuza. Mbunge anaposema Ndiyo kwa jambo ambalo unajua hakulipenda, kumbuka anacheza na nini. Simaanishi umsamehe. Ninamaanisha umwulize swali linalolingana na nafasi yake: ndani ya kamba uliyofungwa, ulifika wapi? Kuna waliofika mwisho wa kamba, na kuna waliokaa palepale kwenye mti. Upande wa pili pia unahusika. Mpinzani kusema Hapana kwenye bajeti hakumgharimu kitu, kwa hiyo naye mpime kwa jedwali, si kwa ukali wa Hapana yake.

Usisahau maazimio ya mikataba. Juni 10, 2023 Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya bandari, kwa azimio. Waliochangia wamo kwenye Hansard. Mbunge anayesema leo kwamba alikuwa na wasiwasi, wasiwasi huo uko ukurasa wa ngapi?

Saba, andika ukurasa mmoja uende nao mkutanoni

Kwa kila jambo kati ya yale matatu andika mistari hii tu: tarehe, kilichoamuliwa, alichosema kwenye sentensi ya mwisho, jedwali au shilingi kama ipo, na kilichofuata. Nukuu maneno yake kamili na ukurasa. Usiandike "alisaliti wananchi", hilo si lako kuandika hapo.

Kama jimbo limegawanywa, kama Dodoma Mjini ilivyozaa jimbo la Mtumba mwaka 2025, rekodi inamfuata mtu wala si ramani. Aliyekuwa viti maalum ana Hansard yake. Aliyekuwa diwani ana mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani, nenda halmashauri ukaiulizie.

Kwenye mkutano wa hadhara, muulize kwa adabu na kwa ufupi, maana kipaza sauti hakikai mkononi mwako. "Mheshimiwa, shikamoo. Mwaka jana kwenye bajeti ya Wizara ya Maji ulirudisha shilingi baada ya Waziri kuahidi kisima cha kijiji chetu. Mwaka huu hukuuliza. Kwa nini?" Usiongeze hotuba. Akijibu kwa kutaja visima vya vijiji vingine, subiri amalize, kisha rudia jina la kijiji chako.